Mizizi Haikumfikia Mzee

Usiku ule sikuota kitu, kwa sababu sikulala. Ndoto ilinijia kesho yake mchana, saa nane na nusu, nikiwa nimejilaza juu ya magunia ya mbegu za nyasi katika ghala la kituo, viatu nimevua na mlango nimeufunga kwa ndani. Hilo la mchana nalitaja makusudi. Watu husema marehemu huja gizani. Huyu wangu alikuja jua likiwaka, akasukuma mlango ambao nilikuwa nimeutia komeo mwenyewe.

Kabla sijamwingiza, niseme kwanza kilichoninyima usingizi, maana bila hicho mtadhani haya ni maruweruwe ya mtu aliyeshiba viazi akalala.

Mimi ni Atuganile, wengi huniita Atu. Kazi yangu katika kituo cha malisho, huku kwetu milimani, ilikuwa kukusanya mbegu za nyasi za porini na kuzitunza ghalani. Kazi hiyo nilifundishwa na Mzee Anyosisye, aliyeifanya miaka mingi kabla yangu. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye subira na mimea kuliko na watu. Alifariki miaka mitatu kabla ya ndoto hii, akazikwa katika kitongoji chake cha Bondeni, mahali mteremko unapoishia. Mjane wake, Mama Sekela, alikuwa anaishi hapo hapo, hatua chache chini ya makaburi, na kaya nyingine saba zilipangana mstari mmoja na nyumba yake.

Mteremko huo ulichongwa walipopitisha barabara, ukabaki udongo mtupu umesimama juu ya vichwa vya watu. Wana Bondeni wakaomba uoteshwe nyasi za kushika udongo kabla haujawaangukia. Kituo kikakubali, na mbegu zikatoka kwenye ghala langu. Hapo ndipo pa kunishika.

Juu ya kituo kuna mgongo wa mlima wenye pande mbili. Upande mmoja unapokea upepo wa mabanda makubwa ya kuku, yaliyojengwa nikiwa bado shule ya msingi. Ukipita huko asubuhi macho yanawasha na koo linakaba. Upande wa pili unatazama msitu, na hewa yake ni safi. Wataalamu waliokuja na vyombo vyao vya kupimia walituambia kwamba kinachotoka mabandani ni naitrojeni, inapanda na hewa, kisha inashuka na ukungu na mvua. Mzee Anyosisye aliiita chakula cha juu. "Nyasi inayolishwa kutoka juu haihangaiki chini," alikuwa akisema. Upande wa mabanda, nyasi ndefu zilinenepa na kukolea kijani. Zile fupi zenye mizizi mirefu zikafunikwa na kivuli, zikafa bila kuacha mbegu. Msimu baada ya msimu zilizobaki zilizaa zinazofanana nazo. Vile vijiua vya zambarau tulivyokuwa tunavichuma tukitoka shule vilikwisha huko, na nyuki wake wakahama.

Mzee hakuamini kitu bila kukichimba. Alichukua mbegu za pande zote mbili, akazipanda kwenye makopo ya rangi barazani pa ofisi, mbali na upepo wa mabanda. Udongo ulikuwa mmoja, uliochekechwa, tena wa kimaskini. Tulipoyapasua makopo, mizizi ya upande wa msitu ilikuwa imefika chini na kuzunguka mara mbili ikitafuta pa kwenda. Ya upande wa mabanda ilikuwa na urefu wa kidole.

"Umeona?" akaniambia. "Hata ukiihamisha, haisahau ilikozaliwa. Huu umeshakuwa ukoo mwingine."

Tangu siku hiyo ikawa sheria ya ghala. Gunia la upande wa mabanda lilifungwa kamba nyekundu, la upande wa msitu kamba nyeupe. Na kukusanya kwenyewe kulikuwa na utaratibu: unatembea hatua kumi, unasimama, unachukua shuke la nyasi iliyo karibu zaidi na mguu wako wa kulia. Iwe nzuri, iwe mbaya, iwe imetafunwa na panzi, hiyo ndiyo yako. Huchagui. "Ukichagua unakusanya macho yako, hukusanyi mlima," alinikemea siku ya kwanza aliponiona naruka nyasi moja iliyosinyaa.

Lakini mimi ni mtoto wa mkulima. Mama yangu alinifundisha kwamba mbegu ni hindi kubwa kuliko yote, lile linaloning'inizwa juu ya jiko ili lisiliwe. Mkono wangu haujui kuokota kibaya na kuacha kizuri. Mzee alipokwisha kufa, na Bondeni wakahitaji magunia ya kamba nyeupe, nilipanda upande wa msitu siku mbili. Nyasi za huko ni haba na fupi, mashuke yake mepesi kama pumba, na jabali limesimama utadhani linakufukuza. Siku ya tatu nikavuka mgongo. Upande wa mabanda mashuke yalikuwa yameinama kwa uzito. Nilijaza magunia kabla jua halijatua, nikichagua makubwa makubwa, huku naimba. Kisha nikayafunga kamba nyeupe.

Sikujiambia kwamba nadanganya. Nilijiambia mbegu nzuri ni mbegu nzuri, na nani ataona?

Zikapandwa. Mkuu wa kituo akaamuru mbolea ya urea imwagwe ili mteremko upendeze siku ya wageni, na kweli ukapendeza. Mwaka wa kwanza ulikuwa kijani hata watu wakawa wanasimamisha magari wapige picha. Nami nikachukua mbegu zile zile nikazipanda juu ya kaburi la Mzee kwa mkono wangu, kwa heshima. Mwaka wa pili urea ikaisha ardhini na nyasi zikaanza kugeuka njano. Halafu, jioni ya kuamkia siku ya ndoto, Mama Sekela akaja ghalani na fungu dogo la nyasi mkononi, mizizi na udongo wake.

"Atu mwanangu, hizi zinang'oka zenyewe," akasema. "Nimegusa tu, nikisafisha kaburi la baba yenu. Sasa mvua zikija itakuwaje?"

Niliitazama mizizi. Ilikuwa na urefu wa kidole. Niliitambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha ndugu yake chumba cha pili.

"Ni kiangazi tu, Mama. Mvua zikinyesha zitashika."

Akanishukuru, akaondoka. Kule kunishukuru ndiko kulikonikesha. Nilikuwa naogopa kupoteza kazi, naogopa mkuu, naogopa zaidi uso wa mama yule aliyenipikia kande nilipokuwa mgeni nisiye na sufuria. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nimeficha maradhi ya watu wengine, nao walikuwa wamelala chini yake.

Basi kesho yake mchana mawingu yalikuwa yanajikusanya pole pole, usingizi ukanibeba juu ya magunia.

Mlango ulisukumwa, na Mzee Anyosisye akaingia. Alikuwa amevaa koti lake la kaki la kazini, lile ambalo Mama Sekela alinipa mimi baada ya msiba, nami nilikuwa nimelitundika msumarini nyuma ya mlango. Nikageuka kuutazama msumari. Ulikuwa mtupu. Mabega ya koti yalikuwa yamelowa tope, na nywele zake zilikuwa na punje za udongo. Sikushtuka. Katika ndoto mtu hashtuki kwa mambo ya kushtukiwa. Nilishuka kwenye magunia nikapiga magoti, kama tunavyosalimia wakubwa huku kwetu.

"Shikamoo, Mzee."

Hakuitikia.

Nikafikiri hajasikia, nikarudia. Hakuitikia. Kwetu mkubwa akikunyima marahaba, amekuambia tayari yote aliyonayo. Nilibaki pale chini na magoti yangu.

Akaketi juu ya gunia, akavua kiatu kimoja, akakung'uta. Udongo ukatoka. Ukatoka zaidi ya kiatu kinavyoweza kubeba, kwanza mkavu, kisha wenye kokoto, kisha wa tope, ukawa kichuguu sakafuni. Akavua na cha pili, nacho kikawa vile vile. Nakumbuka niliwaza kwamba itabidi nilete ufagio kabla mkuu hajapita. Hivi ndivyo nilivyo, hata mbele ya maiti nawaza mkuu atasemaje.

Alipomaliza akasimama, miguu mitupu.

"Twende tukakusanye," akasema.

Na tayari tupo juu ya mgongo wa mlima, upande wa mabanda. Hatukupita njia. Ukungu umelala chini, umekaa kwenye majani, na ule ukali wa mabanda unaniingia puani na kunichoma macho. Mzee yuko mbele. Nasikia akihesabu kwa sauti ndogo, moja hadi kumi, na nyasi haziinami anapozikanyaga. Kwenye ya kumi anasimama, anachukua shuke la karibu na mguu wake wa kulia, ananipa kwa nyuma bila kugeuka. Napokea. Ni shuke zito, zuri. Hatua kumi nyingine, shuke jingine, zito, zuri. Hatua kumi nyingine. Mikono yangu inajaa na naanza kuona kitu ambacho macho yangu ya kawaida hayakuwahi kukiona: zote ni nyasi moja. Urefu mmoja, jani moja, zinainama upande mmoja. Natafuta kijiua cha zambarau, natafuta hata jani lililoumbuka kidogo, sioni. Hakuna panzi anayeruka. Mlima mzima umenyamaza.

Nataka kumwambia nilichofanya. Badala yake nasema, kama mtoto anayembembeleza mwalimu, "Zimenona, Mzee."

"Zimenona," anasema.

Hakuna kingine. Namna alivyolirudisha neno langu, natamani ningemeza ulimi.

Anainama. Anazitenganisha nyasi ndefu kwa mikono miwili, kama mtu anayefungua pazia, na chini yake naziona. Zile fupi, za zamani. Zimelala kwenye kivuli, nyeupe, nyembamba, ubavu kwa ubavu, kama watu waliolazwa kwenye mkeka msibani wakisubiri ndugu wa mbali afike. Nilidhani zilikwisha oza miaka mingi. Anazitazama muda mrefu.

"Hizi zilikuwa zinajua njia ya chini," anasema. Kisha anazifunika tena pole pole, kama tunavyofunika uso.

Nilianza kulia pale. Sikulia kwa sauti, machozi yalikuwa yanatoka tu, na sikujua kama ni majuto au ni ule ukali wa mabanda. Mzee akashika nyasi moja ndefu kwenye shina lake, akaniambia niishike naye. Nikashika. Tulivuta bila nguvu na ikatoka, na udongo wake mdogo, ikaacha shimo lisilozidi kikombe. Kisha tukawa ndani ya shimo hilo. Sijui tuliingiaje, na sikuuliza.

Sasa nipo chini. Nipo chini ya mteremko wa Bondeni, na najua ni Bondeni kwa sababu nasikia kinu cha Mama Sekela. Mchi unapanda na kushuka juu ya kichwa changu, na kila unaposhuka, udongo kidogo unatuangukia mabegani. Ndiyo maana mabega ya koti lake yalikuwa vile. Mbele yangu kuna baridi na giza la kahawia ambalo mtu anaweza kuona ndani yake. Naangalia juu. Huko mbali naiona mizizi ya mbegu zangu, imening'inia kwa chini kama ndevu za kijana anayebalehe. Imeishia hapo. Kati yake na sisi hakuna kitu, ni udongo mlegevu unaojisemea wenyewe, chembe baada ya chembe.

Mzee ananyoosha mkono juu. Nimeshasema alikuwa mtu mfupi. Anasimama kwa ncha za vidole vya miguu, ananyoosha mpaka mkono wa koti unashuka kiwikoni. Haigusi. Anajaribu tena, na naona kwamba ameshajaribu hivi siku nyingi, kwa sababu kuna alama ya visigino vyake ardhini.

"Hakuna hata mmoja uliofika," anasema. "Ninyi mnaona majani. Sisi tunaona kinachoshuka."

Nyuma yake, kwenye giza, kuna watu. Siwaoni nyuso, nasikia tu wakivuta miguu, wakisogea karibu, jinsi watu wanavyosogea nyumba inapovuja upande mmoja. Hawasemi. Pembeni kabisa, mahali ambapo trekta la barabara halikufika, mizizi michache myembamba imeteremka kutoka kwenye nyasi za zamani za ukingoni mwa makaburi. Hiyo imefika. Mzee ameizungusha kwenye kiganja chake cha kushoto mara mbili, kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe mkaidi. Naelewa kwamba hiyo ndiyo iliyowashikilia wote muda wote huu. Ninapoelewa hivyo, mmoja unakatika. Mlio wake ni mdogo tu, kama uzi wa kushonea.

Tone la maji linaniangukia kwenye paji la uso. Juu, kinu kimenyamaza. Namsikia Mama Sekela akiita kuku wake waingie, na najua ananusa mvua, na najua kwamba akishawafungia kuku atawasha moto, atakula, atalala. Nataka kumwita. Nafungua kinywa na kinywa kimejaa mbegu. Ni zile kubwa kubwa, laini, nilizozichagua nikiimba. Zinanikaba. Mzee anaweka kiganja chini ya kidevu changu, kama anavyofanyiwa mtoto aliyekula kitu asichotakiwa kula.

"Tema."

Natema. Mbegu zinatoka, na nyuma yake inatoka kamba. Anaivuta pole pole, ni ndefu, anaikunja mkononi kwa utaratibu wake ule wa ghalani. Ni nyeupe. Anainyanyua mbele ya macho yangu.

"Hii ya upande gani?"

Maji yanadondoka sehemu mbili sasa, kisha tatu.

"Atu. Ya upande gani?"

Ninavyo visingizio vyote, vimepangana: miguu iliyouma, jabali, mkuu na wageni wake, hindi la mama yangu juu ya jiko. Navitazama kimoja kimoja na hakuna kinachosimama. Mzee anasubiri. Wale wa nyuma nao wanasubiri, na maji yanaendelea.

"Ya mabanda, Mzee," nasema. "Nilizichukua upande wa mabanda, nikafunga kamba nyeupe. Nilijua. Na jana Mama Sekela alipokuja nilijua tena."

Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza. Nilitegemea hasira, maana hasira yake naijua na naiweza. Haikuwapo. Alikuwa amechoka tu, mtu wa kazi aliyesimama muda mrefu. Iliniuma kuliko kama angenipiga kofi. Akaniwekea kamba mkononi, akaikunja mikono yangu juu yake.

"Nenda kamwambie mwenye kinu," akasema. "Usimwambie kwamba ni mimi nimekutuma. Mwambie wewe."

Akageuka kurudi kwa wenzake. Akapiga hatua, nikazihesabu bila kutaka, na kwenye ya kumi akasimama na kusema bila kugeuka:

"Marahaba."

Nikaamka.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu, ile inayoanza na matone makubwa machache kisha inajimwaga. Koti lilikuwa msumarini, kavu. Sakafuni hapakuwa na udongo. Mkono wangu ulikuwa umeshika kamba nyeupe ya gunia nililolalia, na hilo halina muujiza wowote, mtu aliyelala hushika kilicho karibu. Nilitoka bila viatu.

Kutoka kituoni hadi Bondeni ni mwendo wa nusu saa, na nusu saa nzima nilipigana na ujumbe ule. Kwa sababu nilikuwa na njia nyepesi. Huku kwetu ukifika nyumbani kwa mtu umelowa, huna viatu, ukasema, "Marehemu wako amenitokea, ameniambia mhame usiku huu," hakuna atakayekuuliza swali. Watabeba mikeka. Watakuheshimu, tena watakuita mtu wa maono, na hakuna atakayefikiria kuuliza habari za kamba. Mzee alinijua vizuri kuliko nilivyojijua. Alijua kwamba nitamtoa yeye kaburini nimsimamishe mbele yangu nijifiche nyuma ya koti lake.

Nilimkuta Mama Sekela anaanua mahindi, kuku wameshafungiwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umelowa hivyo, kuna nini?"

Nikamwambia. Nilisema yote nimesimama kwenye mvua, magunia, kamba, upande wa mabanda, makopo ya barazani, kidole kimoja cha mizizi. Nilimwambia mteremko hautashika na wahame kabla ya giza. Alitazama juu ya makaburi, maji ya njano yalikuwa tayari yanatafuta njia kati ya nyasi. Kisha akaniuliza neno moja tu.

"Na jana nilipokuja kwako, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaweka ungo chini, akaenda kugonga mlango wa jirani.

Walihama wote. Walipanda kanisani, kilima cha pili, na mikeka na kuku na sufuria, wengine wakinung'unika kwamba wanahamishwa na mvua ya siku moja. Nilibeba watoto wa watu mgongoni mpaka nikaishiwa miguu. Kabla ya kucha tulisikia sauti, haikuwa kubwa kama nilivyotegemea, ilikuwa kama mtu anayemimina mchanga kutoka kwenye gari na hamalizi. Kulipopambazuka hatukuona nyumba hata moja, wala kinu. Kati ya waliokuwa hai hakufa hata mmoja. Waliokuwa wamekufa ndio walikufa mara ya pili. Makaburi yote yalienda na udongo mpaka mtoni, na Mzee Anyosisye hatukumpata, ingawa tulichimba siku nyingi. Kwenye tope tulizikuta nyasi zangu, zimelala juu juu kama zulia lililokunjwa, bado zina kijani mahali mahali.

Kwenye mkutano wa kijiji nilirudia maneno yale yale niliyomwambia Mama Sekela. Kituo kikanifukuza, na sikubishana nao. Ndoto sikuisema. Kama ningeisema siku zile, kuna wangenihurumia, na Mzee hakunituma nikahurumiwe. Leo naisimulia kwa sababu haiwezi tena kunisaidia.

Siku hizi nakusanya mbegu upande wa msitu, kwa ajili ya Bondeni mpya wanapojenga. Hakuna aliyenituma, na hakuna aliyenikataza. Ni hatua kumi, mguu wa kulia, iwe nzuri iwe mbaya. Nyasi zinazidi kupungua hata huko, maana mabanda yameongezwa na kuna asubuhi upepo unavuka mgongo. Njia yangu inapita mbele ya kibanda alichojengewa Mama Sekela, naye saa hizo huwa anafagia. Napiga magoti pale pale njiani.

"Shikamoo, Mama."

Anafagia. Nasubiri kidogo, kisha nanyanyuka nipande mlima kabla jua halijawa kali.